Meno Mawili, Ngamia Kumi

Hikaya hii nimeitunga. Mji upo, na mazoezi yanayosimuliwa humu hufanywa hivi hivi kila jioni kuanzia Okinawa hadi Nairobi, ila kijana, mwenzake na mwalimu wao msiwatafute. Nimeona afadhali kubuni watu kuliko kuanika aibu ya mtu wa kweli, kwa kuwa visa vya namna hii havikosekani popote vijana wanapofundishwa kupigana.

Modogashe ni mji wa mpakani, Garissa upande huu na Isiolo upande ule, na ndio makao makuu ya Lagdera. Kutoka Garissa mjini ni kama kilomita 160. Barabara ya Isiolo kwenda Wajir inapita hapo, kwa hiyo malori hayakosekani, wala chai ya maziwa ya ngamia, wala vijana wa boda wanaosubiri abiria kivulini. Mwalimu wa hesabu aliyepangiwa kazi hapo alikuwa mtu wa Mombasa. Alikuwa na mkanda mweusi wa karate ya Shotokan, na hakumwambia mtu, mpaka alfajiri moja mwanafunzi alipomkuta nyuma ya nyumba za walimu akipiga ngumi hewani peke yake, ngumi ile ile, tena na tena. Habari ilifika sokoni kabla ya chai ya saa nne.

Wiki haikuisha, walikuwa wamejitokeza vijana ishirini na kitu wakitaka kufundishwa. Wakakubaliana muda: baada ya swala ya Alasiri mpaka kabla ya Magharibi, uwanjani, nyuma ya madarasa, mahali ambapo mathenge yalikuwa yamefyekwa. Wengi wao walikuwa wamelelewa na sinema zinazosimuliwa na DJ Afro, zile ambazo mtu mmoja anapiga kijiji kizima na shati lake halikunjamani. Walitarajia kuruka. Mwalimu akawasimamisha.

Akawasimamisha tu, siku ya kwanza na ya pili na wiki nzima. Mguu mmoja mbele, goti limekunjwa mpaka liko juu ya vidole. Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino chini. Upana wa miguu sawa na upana wa nyonga, na uzito wa mwili zaidi kidogo mbele kuliko nyuma. Huo ndio mkao wa zenkutsu-dachi, na asiyewahi kuukaa hujiuliza una ugumu gani. Katika mchanga wa Modogashe kisigino kinazama, paja linawaka moto, na baada ya dakika tatu mtu anaanza kuinuka kidogo kidogo akidhani haonekani.

Ndipo akawapa ngumi. Karate huita mafunzo haya ya msingi kihon, na ngumi ya kwanza ya kihon ni oi-zuki, ngumi ya kuandama: mguu wa nyuma unapita karibu na ule wa mbele, unatua mbele, na ngumi ya upande huo huo inafika wakati ule ule mguu unapotua. Haitangulii wala haichelewi. Inaanzia kiunoni kiganja kikiangalia juu, inageuka mwishoni kabisa, na mkono wa pili unarudi kiunoni kwa kasi ile ile. Mkono huo unaorudi ndio ambao wanafunzi wote duniani huudharau. Mwalimu alitumia saa nyingi zaidi kwenye mkono unaorudi kuliko kwenye mkono unaokwenda, kwa sababu alijua kazi yake: unaufunga mwili, bega la mbele lisifuate ngumi likamvuta mtu akapoteza mizani. Papo ngumi inapofika, misuli yote inakaza mara moja, kisha inalegea. Wajapani huita hapo kime. Watazamaji huona nguvu. Anayefanya anajua kwamba hapo ndipo ngumi inaposimama.

Kati ya vijana hao alikuwamo mwendesha boda mmoja, mrefu, mwepesi, wa umri wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa na kipaji, na kipaji chake kilikuwa cha kasi. Wenzake walipokuwa bado wanahesabu hatua, yeye ngumi yake ilikwisha fika ikarudi. Ila ilikuwa haisimami. Ilikuwa inaishia pale tu urefu wa mkono unapoishia.

“Wewe,” mwalimu akamwuliza, “pikipiki ungeinunua bila breki?”

“Hapa njia ni tambarare, mwalimu,” kijana akajibu, na uwanja mzima ukacheka. Mwalimu naye alicheka.

Lilikuwapo zoezi la kutibu jambo hilo. Mwalimu aliichana karatasi ya daftari la hesabu, akaining'iniza kwa uzi kwenye tawi la mgunga, usawa wa mdomo. Mwanafunzi apige kwa nguvu zake zote, ngumi isimame karatasi ikitikisika kwa upepo wa ngumi lakini isiguswe. Upepo wa jangwani haumwachi mtu akariri umbali: karatasi inasogea mbele, inarudi, inageuka ubavu, na mpigaji lazima aamue upya kila mara. Mvulana mmoja aliyekuwa akisaidia kwenye duka la baba yake, mfupi, mpole, mwenye miguu mizito, alikaa na karatasi hiyo mpaka jioni, akaondoka ikiwa imebaki nzima. Mwendesha boda alipasua nne akasema zoezi linamaliza madaftari.

Kata ndiyo iliyomfichua zaidi, ingawa yeye aliamini ndiyo aliyoiweza. Kata ni mfululizo wa kinga na mapigo dhidi ya maadui wasiokuwapo, kwa mpangilio usiobadilika. Ile ya wanaoanza Shotokan inaitwa Heian Shodan, na ina hatua 21. Unaanza kwa kugeuka kushoto na kukinga chini. Baadaye unapita katikati kwenda mbele kwa kinga tatu za juu, unageuka, unarudi katikati kwa ngumi tatu, unamalizia kwa kinga za mkono wazi. Ukelele, kiai, hutolewa mara mbili: kwenye kinga ya tatu na kwenye ngumi ya tatu. Na mwisho unatakiwa uwe umerudi pale pale uliposimama mwanzo.

Katika ukumbi wa saruji kosa la hatua halionekani mpaka mwalimu awe na jicho kali. Modogashe hawana saruji. Kila mwanafunzi alipomaliza kata, nyayo zake zilikuwa zimebaki nyuma yake zote ishirini na ushei, na mwalimu alikuwa anazipitia akiwa ameinama. Mwendesha boda aliikariri kata kwa siku tatu, kabla ya wote. Lakini kila alipomaliza alikuwa ameipita alama yake kwa shubiri moja na zaidi. Kinga zake tatu za kwenda zilikuwa za urefu mmoja. Kukinga kulimchosha, hakukumpandisha mori. Ngumi ya kwanza ya kurudi, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, ile ya ukelele, mguu ulichomoka, na mkono, na bega, na kidevu.

“Kila unapopiga kelele unajisahau,” mwalimu akamwambia.

“Si ndiyo maana ya kelele, mwalimu?”

Huyu mwalimu, kwa haki yake, alijaribu. Aliwasimulia kwamba aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, Gichin Funakoshi, alikuwa mwalimu wa shule kama yeye, na kwamba katika ujana wake huko Okinawa alikaa karibu miaka kumi na kata tatu tu za ukoo mmoja, zile zinazoitwa Naihanchi, akizirudia usiku uani kwa mwalimu wake. Aliwaeleza kwamba kata za Heian zenyewe zilitungwa na mzee Anko Itosu mwanzoni mwa karne ya ishirini ili watoto wa shule wapate kitu chepesi cha kuanzia. Hizi tunazolia nazo, akasema, ndizo nyepesi. Vijana walisikiliza kwa adabu. Mwendesha boda alikuwa anapiga hesabu kwa vidole: kata tatu, miaka kumi.

Walichokitaka wote kilikuwa kumite, kupambana na mtu. Na hapo ndipo karate ya kimila ina ngazi ambazo mtu wa nje huziona kama kuchelewesha kwa makusudi. Ngazi ya chini ni gohon kumite: mshambuliaji anatangaza atapiga wapi, usoni au tumboni, kisha anasonga hatua tano akipiga ngumi tano, na mwenzake anarudi nyuma hatua tano akikinga tano, na baada ya ya tano anajibu kwa ngumi moja. Baadaye hatua zinapungua kuwa tatu, kisha moja. Kila ngazi inaondoa kitu ambacho mtu alikuwa anakiegemea. Ukifika hatua moja, hupati muda wa kuzoea mwendo wa mwenzako. Ngazi inayofuata mnasogea kwa uhuru, lakini pigo bado linatangazwa. Mwisho kabisa, kwa mtu aliyekwisha miaka kadhaa, ni jiyu kumite, ambamo hakitangazwi chochote. Katika ngazi zote hizi sheria ni moja: usoni ngumi inasimama kabla ya ngozi.

Mwendesha boda na mvulana wa duka walikuwa wanapangwa pamoja kwa sababu nyumba zao zilikuwa jirani. Jozi yao ilipendeza kutazama. Ngumi nne za mwanzo zilikwenda vizuri, na ya tano, yenye ukelele, ilikuwa inachomoka shubiri moja zaidi kama kawaida yake. Ila haikumpata mtu. Mvulana wa duka, siku ya tatu au ya nne, alikwisha jua; hatua yake ya tano ya kurudi nyuma aliifanya ndefu kuliko nne za kwanza. Hakumwambia mtu. Ni adabu ya jirani. Kwa hiyo kosa la mmoja likawa linafunikwa na umakini wa mwingine, na kwa mtazamaji wa kawaida zoezi lilionekana limeiva.

Kwa mwalimu halikuonekana hivyo. Nyayo alikuwa anaziona.

Basi nani aliharakisha mambo? Kwa sehemu, simu. Vijana walikuwa na video ya fainali ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, uzito wa zaidi ya kilo 75. Ilikuwa mara ya kwanza karate kuingia kwenye Olimpiki, na Paris 2024 haikurudi. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akapiga teke la juu. Likampata Mwirani shingoni na kichwani, akaanguka, akatolewa kwa machela akiwa hajitambui. Waamuzi wakashauriana, wakamwondoa Hamedi mchezoni kwa kupiga kwa nguvu iliyovuka mpaka. Ganjzadeh alipozinduka aliambiwa dhahabu ni yake. Hamedi, aliyekuwa akiongoza kuelekea dhahabu ambayo nchi yake haijawahi kuipata, akabaki na fedha.

Mwalimu aliwaonyesha video hiyo akitaraji watasikia alichokuwa akikisema miezi yote. Walisikia kingine. Uwanja mzima ulikuwa upande wa Msaudia. “Ameibiwa,” mwendesha boda akasema. “Aliyelala chini anapewaje dhahabu?” Mwalimu alieleza, wakatikisa vichwa kwa heshima, na njiani kurudi nyumbani walikuwa wanaigana teke lile.

Kisha ikaja Siku ya Mashujaa. Tarehe 20 Oktoba kila mwaka panakuwa na hotuba, nyimbo za watoto wa shule, na wakubwa wa serikali chini ya hema. Vijana wakaombwa waonyeshe karate. Mwalimu alikuwa na mpango wa kata na gohon kumite. Vijana wakamwambia, kwa upole wote wa kuomba, kwamba watu watalala. Watu wanataka kuona mapambano, mwalimu, dakika mbili tu. Alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikuja mzazi mmoja na mtu wa kamati ya sherehe, wakanywa naye chai, wakasifu kazi anayowafanyia watoto wa watu. Ni vigumu kwa mgeni kukataa mara tatu katika mji uliompokea. Akakubali, kwa sharti kwamba wawe wawili waliozoeana.

Waliozoeana walikuwa jirani wawili.

Kinga za meno hazikuwapo. Zinapatikana Nairobi, mpira mdogo wa bei ya sahani chache za pilau, na mwalimu alikuwa amenuia kuziagiza siku watakapofikia ngazi hiyo.

Nusu dakika ya kwanza walizunguka tu. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mvulana wa duka, ambaye siku zote alikuwa wa kurudi nyuma, alisikia miluzi ile kama wengine wote, na kwa mara ya kwanza akaamua kwenda mbele. Alitoa mguu wake wa kulia wakati huo huo mwendesha boda alipotoa wa kwake na kupiga ukelele. Umbali kati yao, ule Wajapani wanaouita ma-ai, ulikatika kutoka pande mbili kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na hatua ya tano ya kujulikana mapema, wala nafasi ya kurudi. Shubiri ile moja, iliyokuwa imekosa pa kwenda kwa miezi minane, sasa ikapata mdomo.

Umati ulishangilia. Mwendesha boda aliinua mikono. Mwalimu alikuwa amekwisha sema “yame”, simama, lakini neno lilikuwa limetoka baada ya ngumi. Mvulana wa duka alikaa chini mchangani, akaweka kiganja mdomoni, akakiangalia.

Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka zima na la pili limevunjika kwenye ufizi. Hapa naikatiza hikaya kwa jambo ambalo kila anayefundisha mchezo wa kupigana, au mpira, au anayelea watoto, angefaa kulijua. Jino zima la mtu mzima lililong'oka likishikwa kwa upande wa kutafunia, bila kugusa mzizi, likasuuzwa kidogo tu bila kusuguliwa, linaweza kurudishwa kwenye tundu lake papo hapo. Au likatiwa kwenye maziwa na mtu akapelekwa kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana ndani ya nusu saa au saa moja, lina nafasi ya kushika tena. Kulikuwa na madumu ya maziwa ya ngamia hatua hamsini kutoka hapo, chini ya mwavuli, na akina mama wenye kuyauza walikuwa wamesimama kutazama. Hakuna aliyejua. Jino liliokotwa jioni na mtoto, limekauka, limejaa mchanga.

Baada ya hospitali yakaja ya wazee.

Asiyejua kaskazini anaweza kushangaa kwamba jambo la uwanja wa michezo linapelekwa chini ya mti. Katika mila ya Wasomali damu na jeraha vina malipo, na malipo hayamwangukii aliyetenda peke yake. Yanabebwa na jamaa zake wa upande wa baba, wanaochangia fidia hiyo, mag, kwa pamoja. Uhai wa mwanamume mzima ni ngamia 100. Na Modogashe ni mji uliozoea hesabu hizi: mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana hapa wakapatana juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia, na mapatano hayo yakaenda na jina la mji, Azimio la Modogashe. Kwa jino, wazee hawakuhitaji hata kubishana, maana fiqhi imelitaja: ngamia watano. Lililovunjika kwenye ufizi lina hukumu ya lililong'oka. Meno mawili, ngamia kumi.

Ngamia kumi, baada ya ukame ulioanza 2020 na kula misimu mitano ya mvua mfululizo. Binamu za mwendesha boda, waliokuwa malishoni na hawakuwahi kuiona karate hata siku moja, walitumiwa habari kwamba wana deni.

Kikao kilianza na maneno ya heri. Kisha mzee aliyekuwa akikiongoza akamgeukia mwalimu.

“Mwalimu, kwa sheria za mchezo wenu, ngumi hii ilitakiwa ifike wapi?”

Mwalimu akanyoosha ngumi yake polepole kuelekea kiganja chake mwenyewe, akaisimamisha vidole viwili kabla ya kugusa. “Hapa, mzee.”

“Na huyu kijana alijua kwamba ni hapo?”

“Alijua.”

“Alijua kwa kusikia, au mkono wake ulijua?”

Mwalimu alikaa kimya kidogo. “Alijua kwa kusikia. Mkono ulikuwa bado.”

“Na wewe ulijua kwamba mkono ulikuwa bado?”

“Nilijua. Nilikuwa naona kwenye mchanga.”

Ikabidi aeleze: kata, hatua za kwenda na za kurudi, alama ya kuanzia, na ile ya tatu. Wengi hawakufuata. Lakini pembeni alikuwapo mzee mmoja ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, mtu wa ngamia maisha yake yote, wa wale wanaoweza kufuata unyayo wa mnyama aliyepotea wakakwambia anachechemea mguu gani na alipita kabla ya umande au baada. Huyo akainuka na kushika bakora yake. Akataka kuonyeshwa.

Wakaenda wote uwanjani, kikao kizima. Mwendesha boda akaambiwa avue viatu afanye kata yake mbele ya watu, na sidhani kama kuna mtihani wa mkanda duniani uliowahi kuwa na majaji kama wale. Alianza akitetemeka. Kufikia kinga tatu za juu mwili ulikwisha sahau wanaomtazama. Akageuka. Akarudi kwa ngumi tatu, akapiga ukelele kwenye ya tatu, akamalizia kinga zake, akasimama.

Mzee wa ngamia hakumtazama kijana. Alitembea kandokando ya nyayo akiwa ameinamisha kichwa, akapita hatua za kwenda bila kusimama, akafika za kurudi. Kwenye ya tatu akaweka ncha ya bakora.

“Hapa,” akasema. “Hapa aliona kitu anachokitaka.” Akaangalia tena. “Na si leo ameanza. Mguu unaojaribu kitu kwa mara ya kwanza unasita. Huu umezoea.”

Kisha akamwita kijana karibu, kwa neno la Kisomali la ami. “Adeer, ukifika hapa unakuwa unawaza nini?”

“Siwazi kitu, adeer. Nasikia tu raha.”

Hakuna aliyecheka. Mzee alionekana kuridhika na jibu, nadhani kwa sababu lilikuwa la kweli.

Kurudi chini ya mti, mambo yalikwenda upesi. Baba wa mvulana wa duka alisamehe ngamia wanne kwa ajili ya ujirani na kwa sababu mwanawe mwenyewe alisema naye alikwenda mbele siku hiyo wakati siku zote alikuwa anarudi. Wakabaki sita. Watano wakawaangukia jamaa wa mwendesha boda. Yule mwenyekiti akasema mmoja ni wa mwalimu, kwa sababu kijana alipiga asichokijua, lakini mwalimu aliruhusu anachokijua. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa Mombasa na hana jamaa wa kuchangia naye hapa, atabeba peke yake.

Mwalimu hakubisha. Aliuliza tu, kwa kuwa hakuwahi kununua ngamia, wanataka ngamia wa namna gani.

Swali hilo liliwachangamsha wazee kuliko yote yaliyotangulia. Kwa madhehebu ya Shafi, fidia ya kosa lisilokusudiwa haiendi kwa ngamia wowote tu. Hugawanywa kwa mafungu matano ya umri: jike aliyetimiza mwaka mmoja, jike wa miaka miwili, dume wa miaka miwili, jike wa mitatu, jike wa minne. Sasa wamesamehewa wanne kati ya kumi: wametoka kwenye mafungu yapi? Mmoja akasema mwenye mshahara achukue jike wa miaka minne. Mwingine akasema mgeni huanziwa na mdogo. Mwalimu wa hesabu akajaribu kuingiza neno kuhusu sehemu na uwiano, hakuna aliyemsikiliza. Akaomba basi, awe wa umri wowote ule, alipe kwa awamu tatu za mwisho wa mwezi. Hilo nalo likaanza kujadiliwa upya.

Mvulana wa duka, aliyekuwa amekaa na kitambaa mdomoni, akamvuta mwalimu mkono wa shati. Maneno yalimtoka kwa shida, yenye upepo mwingi.

“Mwalimu, Jumatatu tuna mazoezi?”

“Tunayo,” mwalimu akasema. “Kata moja tu. Na mwambie mwenzako aje na daftari lake mwenyewe.”